Riwaya yangu imebaki maboksi manne chini ya kitanda na kila mtu ataka softikopi, nianzie wapi?

RiwayaAmu (Langoni, Lamu)
Asalam aleikum jamani, na wa shikamoo shikamooni. Mimi ni mwandishi, si jina kubwa, riwaya mbili tu. Niwieni radhi nitaeleza kwa urefu maana jambo lenyewe limenikaa kifuani.

Ya kwanza ilitoka 2009 kwa mchapishaji wa Nairobi, mrabaha asilimia 10, nikaletewa hela mara mbili tatu kisha kimya. Ya pili nikajichapishia mwenyewe 2016, nakala 1,000, maana nliambiwa ukijichapishia faida yote yako. Faida gani. Maboksi yalikuja na basi mpaka Mokowe upande wa bara, hapo nikalipa wapagazi, nikalipa boti, kufika gatini nikalipa punda, mpaka yanaingia ndani kila kitabu kishapanda bei na hakijauzwa hata kimoja. Duka moja la Mombasa lilichukua nakala 200 halafu likafunga, nyinyi mwajua tangu 2018 serikali ianze kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja mashuleni maduka mengi yalikosa ile biashara ya Januari iliyokuwa ikiwashikilia, basi na nakala zangu zikazama humo. Nilizouza vizuri ni siku za Maulidi mui wetu wa Amu ukijaa wageni. Zilobaki ni hayo maboksi manne, na unyevu wa bahari si mchezo, kurasa zishafanya madoa ya kahawia na boksi moja mchwa wameshasoma mpaka sura ya tisa.

Sasa kila nikipita njiani ni "bi, kile kitabu nitumie softikopi". Mwezi jana nikamuuzia kijana wa jirani PDF kwa mia moja ya M-Pesa. Wiki haijesha nikaletewa kitabu changu mwenyewe kwenye grupu ya harusi ya mpwa wangu, na alonitumia aniambia "shangazi soma hii, nzuri sana".

Nicheke ama nilie? Naomba wenye ujuzi waniambie, hii dijitali mtu auza vipi asiibiwe, na Amazon inatufaa sisi wa Kiswahili ama ni ya wenyewe? Na ile riwaya ya 2009 mchapishaji hajibu simu wala barua pepe, naweza kuiweka mtandaoni mwenyewe ama nitashtakiwa? Nina ya tatu iko nusu, sijui hata naandikia karatasi ama simu.

KijanaWaMajengo (Malindi)
Shangazi weka Amazon tu dunia nzima inunue, wataliano wa huku Malindi wote wanasoma kwa Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, ufukweni nawaona na mato yangu

MhasibuMpenzi
Wataliano watasoma Kiswahili kijana?

Bi, mimi nimesaidia watu wawili kuweka vitabu kule kwa hivyo nikupe hesabu kavu. Mrabaha wao ni asilimia 70 ukiweka bei kati ya dola 2.99 na 9.99, ama asilimia 35, na hiyo 70 inategemea pia mnunuzi yuko nchi gani, wana orodha yao ya nchi, soma kabla hujapiga hesabu za nyumba ya ghorofa. Dola 2.99 ni karibu shilingi 400, nani huku kwetu atatoa mia nne asome riwaya kwa simu na hana kadi ya benki? Tena Kenya na Marekani hazina mkataba wa kodi ya mapato, kwa hiyo mrabaha wa mauzo ya kule unakatwa asilimia 30 kabla haujakufikia. Na wana orodha ya lugha wanazokubali, iangalie kwanza, usije ukapanga kitabu kizima halafu kikarudishwa.

Kitu kinachonichekeshaga ni kwamba Kindle na M-Pesa zote zilitoka mwaka mmoja, 2007. Wao walipata ya kusomea sisi tukapata ya kulipia. Sasa wewe wasomaji wako tayari wana ya kulipia, na ya kusomea ni hiyo hiyo simu. Chukua Till ama Pochi la Biashara, zile namba za M-Pesa za kupokelea malipo ya biashara, uuze mwenyewe, pesa inaingia palepale. Maboksi yaliyobaki usiyachome, weka bei ya wageni, mgeni anayeshuka Shela hataki PDF anataka kitu cha kubeba kwenye begi.

MwalimuMstaafu
Binti yangu, la mchapishaji usiliendee kwa papara. Utoe mkataba wa 2009 kabatini, tafuta mambo mawili. La kwanza, je, ulimpa haki za kidijitali kwa jina, ama ulimpa haki ya kuchapisha "kitabu" basi? Kuna kesi maarufu huko Marekani, mwaka 2001 kampuni ya Random House iliishtaki RosettaBooks, waliokuwa wakiuza kidijitali riwaya za kina Kurt Vonnegut na William Styron baada ya kuzungumza na waandishi wenyewe. Mikataba ya zamani ilikuwa yasema haki ni za kuchapa na kuuza "kwa umbo la kitabu". Jaji wa New York akakataa kuwazuia RosettaBooks, akaona maneno hayo hayakubeba kitabu cha kompyuta, na 2002 mahakama ya rufaa haikumpindua. Hiyo si sheria ya Kenya lakini yakuonyesha neno gani la kutafuta kwenye karatasi yako. Mikataba ya kwetu miaka hiyo mingine ilishaanza kutia "na njia nyingine yoyote itakayobuniwa", ukiliona hilo ujue umefungwa.

La pili tafuta kipengele cha haki kurudi kwa mwandishi kitabu kikikosekana sokoni. Kikiwepo waandikie barua ya karatasi, ya rejista, uwape muda, ubaki na risiti. Simu ya mdomo haiachi karatasi.

Halafu ile ya EPUB, yaani faili la kitabu cha kusomea simuni, huchukua ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) yake peke yake, usitumie ile ya karatasi, na huku kwetu hutolewa na Kenya National Library Service. Kazi iandikishe KECOBO pia, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya. Haitamzuia mtu wa grupu ya harusi, lakini siku ya ugomvi una cheti.

Mimi binafsi kwenye simu sisomi, macho yamechoka. Nakala moja nitanunua, hata yenye madoa.

HadithiZaUsiku (Malindi)
Dadangu nimecheka hiyo ya mchwa hadi machozi. Mimi ni mwandishi wa simu tangu 2019 sijawahi kuchapisha karatasi hata moja na hela ya sukari hainipigi chenga, wacha nikwambie vile nafanya ukipenda uchukue usipopenda wacha.

Sura tano za kwanza ni bure, nazitupa Facebook na kwa statasi. Ya tano inakatika mahali pabaya, mlango unagongwa na mume hayupo safarini kama alivyosema, hapo naweka namba ya Till, anayetaka kujua nani yuko mlangoni alipe 50 ya mwezi aingizwe grupu. Kwenye grupu ni mimi tu naweza kuposti, sura mbili kwa wiki, Jumanne na Jumamosi saa tatu usiku baada ya watu kula. Wasomaji wangu ni kina dada wa saluni, walinzi na watu wa mapokezi wa mahoteli wanaokesha, na wengine wako Oman na Saudia kwa kazi za ndani, hao ndo hawakosi kulipa wallahi, wanatuma kupitia ndugu zao.

Lakini ujue hii si kuhamisha kitabu kutoka karatasi kwenda simu, ni uandishi mwingine. Nlisoma riwaya yako ya kwanza shuleni, nikiri, nlizima taa ukurasa wa nne, bado jua linachomoza na jahazi halijatoka gatini. Kwenye karatasi msomaji ashalipa atakuvumilia. Kwenye simu kidole kiko juu ya kioo, na juu kule kuna meseji ya mchumba inaingia. Mimi sura yangu ni maneno 1,200 haizidi, aya fupi, mazungumzo mengi, na jina la mhusika narudia rudia kwa sababu mtu alisoma sura ya jana kwenye matatu leo anasoma kwa foleni hakumbuki nani ni nani.

Na wasomaji wanaingilia. Nliua mama mkwe mmoja sura ya 18, watu kumi na kitu wakatoka grupu siku hiyo hiyo, nikamfufua ati alizirai tu. Sijivunii.

Kuhusu kulipa usitegemee uungwana peke yake. Stephen King mwenyewe na ukubwa wake mwaka 2000 alijaribu kuuza riwaya kipande kipande kwenye tovuti yake, dola 1 sehemu ya kwanza, akasema wakilipa angalau asilimia 75 ya wanaoshusha ataendelea. Walianza vizuri wakalegea, akaisimamisha kufikia sehemu ya sita. Na yeye alikuwa anampa mtu kwanza halafu anangoja. Mimi nangoja kwanza halafu nampa.

RiwayaAmu
Hilo jua lilipanda kurasa sita si nne, na mhariri alilipenda 😂 Lakini nimelipokea mdogo wangu.

Shida yangu ni kwamba mimi naandika kitabu chote kisha narudi nyuma naling'oa na kulipanga upya, mara tatu mara nne. Ya tatu hii mwanzo wake nimeubadilisha baada ya kuandika mwisho. Sasa nikishaposti sura ya kwanza Jumanne nitairudia vipi? Naona kama kuuza samaki angali majini.

HadithiZaUsiku (Malindi)
Basi imalize yote kwanza ndo uanze kuposti, nani kakukataza. Mimi naandika Jumatatu naposti Jumanne kwa uvivu wangu tu

MtuWaSiyu
Bi, mimi si mwandishi wala sijui hizo EPUB, babu yangu alikuwa mtu wa vitabu vya mkono ndipo nimeona nitie moya.

Hii kunakiliana nyinyi mwaiona mpya, lakini Siyu kwetu kisiwani Pate karne ya 18 na 19 watu walikuwa wakinakili misahafu kwa mkono na kazi yao ikijulikana pwani nzima, na tendi zetu zilienda hivyo hivyo nyumba hata nyumba, mwenye kuitaka aomba nakala, aketi na kalamu, asubuhi arudisha. Hakuna aliyeita wizi. Ila mtunzi alikuwa mwerevu kuliko wewe niwie radhi. Beti za mwisho alijitaja mwenyewe, jina lake na la babake na mui wake, wengine na mwaka wa Hijra juu. Jina liko ndani ya vina na mizani, ukilitoa ubeti wavunjika, kwa hiyo kila anayenakili utendi anakili na mwenyewe wake.

Wewe PDF yako jina liko ukurasa wa kwanza pekee. Mtu akikata ukurasa huo kitabu ni yatima. Jitie ndani. Katikati ya kitabu, pale patamu, andika kwa sauti yako, mimi fulani wa Langoni ndiye niliyekaa na hadithi hii miaka mitatu, kama umeletewa na rafiki ukafika hapa basi yakuonea raha, namba ya Till ni hii, toa chochote. Waache waforwadi. Kila wakiforwadi wakubebea bakuli lako.

MhasibuMpenzi
Mzee wa Siyu umenifunga mdomo. Naongeza tu, ukiuza moja moja tia jina la mnunuzi na tarakimu nne za mwisho za simu yake chini ya kila ukurasa, haimzuii lakini aibu inamzuia. Na hiyo PDF ya A4 achana nayo, kusoma A4 kwa simu ni kuvuta kushoto kuvuta kulia mpaka shingo inauma. EPUB maneno yanajipanga upya kufuata kioo na msomaji anakuza herufi atakavyo. Programu za kuitengenezea, Calibre na Sigil, ni za bure. Kama lazima PDF basi kata ukurasa uwe A6 herufi kubwa.

KijanaWaMajengo (Malindi)
shangazi mimi naweza kukutengenezea hiyo EPUB bure nipe nakala moja ya karatasi, ya mchwa pia sawa

RiwayaAmu
Nimekaa wiki tatu sijarudi hapa, samahanini, nilikuwa kazini.

Mwalimu, mkataba nimeupata, haki inarudi kwangu kitabu kikikosekana sokoni miezi kumi na miwili, na hakipo tangu zamani. Barua ya rejista imeenda, nangoja siku zao ziishe, lakini mkono hautulii nimeanza kukiandaa. Ya pili nimetia maneno ya mzee wa Siyu mwisho wa sura ya saba (kabla ya pale mchwa walipoishia) nikaitupa mwenyewe kwenye ile ile grupu ya harusi. Watu kumi na mmoja wametoa. Mmoja ni bwana harusi, katoa 500, nadhani kaona haya.

Sasa yaliyonipata. Faili la riwaya ya 2009 sina, kompyuta ile ilikufa, ikabidi nikate kitabu nikiskani ukurasa kwa ukurasa kisha programu isome maandishi. Kusoma imesoma, lakini kila m ndogo imeona ni r na n zimebanana. Mtu amekuwa rntu, mume rnurne, nyumba nyurnba, kitabu kizima. Kijana wa Majengo akaniambia tafuta rn badilisha zote ziwe m kwa mpigo mmoja, Kiswahili hakina rn. Nikafanya, furaha tele, nikaenda kuswali.

Kiswahili kina rn, kijana wangu. Riwaya yangu ni ya vizazi vitatu na kila panapotajwa karne sasa ni kame. Kame iliyopita, kame nzima, mwanzoni mwa kame ya ishirini. Na mhusika wangu mmoja ni mkulima wa Witu mwenye shamba kame kwelikweli, kwa hiyo siwezi kurudisha zote kwa mpigo, nakwenda moja moja na kidole. Niko sura ya kumi na moja.