Mrejesho: Pink Floyd, nianze na albamu ipi?

Niliuliza nianzie wapi kwa Pink Floyd, bendi ya rock ya Uingereza, majibu yakagawanyika kati ya The Dark Side of the Moon (1973) na The Wall (1979). Asanteni, nimezipitia zote.

Bora kuliko zote kwangu ni Wish You Were Here (1975), ila mgeni asianze nayo. Ina nyimbo 5 tu, na ule wa kwanza unapiga ala kwa zaidi ya dakika 8 kabla mtu hajaimba. Asiyezoea ataruka, na akiruka ameukosa, maana wimbo huohuo umekatwa vipande viwili: unafungua albamu na kuifunga.

Kwa hiyo aanze na Dark Side. Ni kama dakika 43, na hakuna wimbo unaofika dakika 8. Lakini zima kitufe cha kuchanganya nyimbo na uwashe uchezaji usio na pengo. Wimbo wa Brain Damage unamwagikia moja kwa moja kwenye Eclipse, ule wa mwisho. Simu ikiweka ukimya katikati, mwisho wote unapwaya.

Baada ya hapo Meddle (1971), kwa ajili ya wimbo wa Echoes unaojaza upande mzima wa pili wa santuri, kisha Animals (1977), yenye gitaa kali la David Gilmour, mpiga gitaa wao, kwenye wimbo wa Dogs. Ndipo Wish You Were Here.

The Wall naiweka ya tano, samahani mashabiki wake. Nyimbo 26 za hadithi moja, na nyingi zikisikilizwa peke yake hazisimami.

Albamu yao ya kwanza, ya 1967, enzi za Syd Barrett aliyekuwa mwimbaji na mtunzi wao mkuu, isikilize mwisho: ni karibu bendi nyingine.