Msaada: saa ya seva inaruka, niapdeti ntpd au nihamie chrony?

Kijana_wa_Seva: Habari wakuu. Nina seva inatumia ntpd, ile programu ya kulinganisha saa ya mashine na vyanzo vya mtandaoni, juzi usiku saa ikajikuta mwaka mzima mbele, vyeti vyote vikaonekana vimeisha muda, zile namba za mara moja za kuingilia zikagoma, simu zikaanza kumiminika. Nasikia matoleo ya zamani yana matundu ya usalama. Swali ni moja tu, niapdeti au nihamie chrony, programu nyingine ya kazi hiyohiyo? Sina usingizi.

MzeeWaNodi: Chrony. Sijasoma yote.

Bi_Terminali: Toleo gani? Na inachukua saa kwenye vyanzo vingapi?

Kijana_wa_Seva: Vyanzo havina shida dada, mi nauliza chrony au ntpd.

BabaPoti: 2014 nilijionea ule mchezo wa monlist, mtu anatuma ombi dogo poti 123 kwa anwani ya kughushi, seva yako inammwagia asiyeomba orodha ya hadi anwani 600. Bosi akadhani tumepata wateja. Tangu hapo nikiona ntpd haina noquery, ule mpangilio wa kukataa maombi kama hayo, hata chakula hakipiti. Vijana hamsomi faili la mpangilio, mnakopi tu.

Bi_Terminali: Kijana, hujajibu.

Kijana_wa_Seva: Haya, ni 4.2.6, chanzo kimoja. Na kuna cron, yaani kazi inayojiendesha kwa ratiba, niliweka, kila saa inazima ntpd na kuiwasha upya na -g. Msinirukie, seva ikiwashwa ntpd ilikuwa inakufa yenyewe na hiyo njia imenibeba muda mrefu tu. Chrony nimeshaidaunlodi.

Mpekuzi: Kamba hizi. ntpd ikikuta tofauti imezidi sekunde 1000 inajizima, hairuki mwaka mzima. Na 4.2.6 nani anayo leo? Unatafuta laiki.

Bi_Terminali: Soma tena alichoandika. -g ndiyo inatoa hiyo breki, mara moja kila ntpd inapowashwa, na yeye anaiwasha kila saa! Aliyekaa katikati ya njia anasubiri iwake tu anaipa saa anayotaka, chanzo chenyewe kimoja hakuna wa kumbishia. Lile tundu la ntpd lililosajiliwa kama CVE-2015-5300 lilikuwa linachezea breki hiyohiyo. Na 4.2.6 zipo, distro (matoleo ya Linux) zinapachika viraka bila kubadili namba, aangalie orodha ya mabadiliko ya kifurushi.

Mpekuzi: Basi aweke logi hapa.

Kijana_wa_Seva: Logi zina anwani za kazini, siwezi.

Mpekuzi: 😂😂 nilijua tu

Bi_Terminali: Hata kama katunga, kuna mwingine huko anayo cron kama hiyo. Itoe kwanza. Ukihamia chrony na hiyo cron ikabaki, ule mstari wa makestep 1.0 3 unaruhusu saa iruke kwenye masahihisho matatu ya mwanzo kila inapowashwa, hapo umehamisha tundu tu. Weka vyanzo vinne, muongo mmoja atatengwa na wenzake, halafu washa NTS, ulinzi wa kuhakiki kuwa saa imetoka kwa chanzo halisi, ipo tangu chrony 4.0.

BabaPoti: NTS inataka cheti, na cheti kinataka saa iwe karibu na ukweli. Betri ya mazabodi nzima?

Kijana_wa_Seva: Mmh. Ikizimwa huwa inaamkia mwaka 2000.

Mpekuzi: NA HILI HUKULISEMA MWANZO KWA NINI

Kijana_wa_Seva: Hamkuuliza. Betri nitaangalia, ila chrony naiweka leoleo.

MzeeWaNodi: Si nilisema chrony.