Kocha anyamaze katikati ya pointi: mnakubali au mnakataa?

Kinyoya16 (mwenye mada)
Wakuu, habari za humu. Naona habari za kubadili sheria za badminton zimerudi tena, safari hii BWF, shirikisho la badminton la dunia, wamependekeza seti tatu za pointi 15 badala ya 21 na mwaka 2025 waliijaribu kwenye mashindano kadhaa. Ila mimi leo sijaja na pointi. Nataka tuongelee lile lingine lililokuwemo kwenye mapendekezo ya mkutano mkuu wao wa 2018 kule Bangkok, la kuwapunguza makocha kuongea mechi ikiendelea. Sheria ya sasa inamruhusu mchezaji kupewa ushauri muda wowote kinyoya (ndio mpira wetu) kikiwa hakichezwi, kwa hiyo kila pointi ikiisha kocha anainuka kwenye kiti na kuanza kupiga kelele. Angalieni mechi yoyote kubwa. Pointi imeisha, mchezaji anaenda kwenye taulo mdogo mdogo macho yote kwa kocha, kocha anashusha kiganja chini, anagusa kiwiko cha kushoto, mchezaji anaitikia kwa kichwa halafu anaomba kinyoya kibadilishwe, hapo keshapata sekunde zingine tano za kusikiliza. Mimi nasema hiyo ikatwe. Pumziko la sekunde 60 kwenye pointi 11 lipo, la sekunde 120 kati ya seti lipo, kocha aingie hapo amalize yote. Singo ni mtu na mtu. Mnasemaje?

SmashiYaJuu
Naunga mkono asilimia mia. Wachezaji wa sasa hawafikiri, wanasubiri kuambiwa. Na mechi zinakuwa ndefu kwa huko kusimama simama. Halafu tusifichane, kinachoua badminton kwenye runinga ni dabo za wanawake, wawili kwa wawili, mtu anapigiwa anarudisha, anapigiwa anarudisha, hakuna wa kumaliza. Ile ya ubingwa wa Asia 2016 ilienda karibu masaa matatu. Hizo ndizo zimetuletea mapendekezo yote haya.

BackhandiKali
Mkuu Kinyoya16 umeongelea makocha kama vile kila mchezaji anaye. Nenda kwenye mashindano madogo uone, mtu amesafiri peke yake, kiti nyuma ya kiwanja kitupu, na upande wa pili wamekaa wawili wanaongea kila pointi. Hilo ndilo suala lenyewe, nashangaa umeanza na taulo.

Mama_Raketi
@SmashiYaJuu kaka yangu subiri kwanza. "Hakuna wa kumaliza"? Hiyo mechi ya 2016 unayoitaja juu juu ni nusu fainali, dakika 161, Fukuman na Yonao wa Japani dhidi ya Greysia Polii na Nitya Maheswari wa Indonesia. Wewe umeona urefu tu. Umewahi kukaa ukaangalia jinsi wale wanavyozungushana, mmoja anavutwa mbele kwenye wavu, mwenzake anafunika nyuma, wanabadilishana nafasi bila hata kutazamana? Smashi, ule mpigo mkali wa kushuka, kila mtu anaiona. Kujilinda dhidi ya smashi ishirini mfululizo na bado kinyoya kikarudi kirefu hadi laini ya nyuma, hiyo hamuioni kwa sababu anayefanya ni mwanamke.

SmashiYaJuu
Dada usinisingizie, sijasema kwa sababu ni wanawake. Nimesema zinachosha. Hata dabo za wanaume zingekuwa hivyo ningesema.

Mama_Raketi
Mbona hukusema fainali ya singo ya dunia Glasgow 2017 ilichosha? Okuhara wa Japani na Sindhu wa India, dakika 110, 21-19, 20-22, 22-20, watu walisimama ukumbi mzima. Nao ni wanawake na nao walikuwa wanarudisha tu kama unavyosema.

SmashiYaJuu
Hiyo ilikuwa singo.

Netikodi
Jamani turudi kwenye mada. Tenisi walipiga marufuku ushauri miaka nenda rudi na haikuzuilika. Mnakumbuka fainali ya US Open 2018, Serena na Osaka? Serena alipewa onyo kwa sababu ya ishara za kocha wake jukwaani, na kocha mwenyewe Mouratoglou baadaye akakiri kwamba ndiyo, alikuwa anamwelekeza. Mechi ikaharibika yote, watu wakamzomea refa, mtoto wa watu Osaka akapokea kombe lake la kwanza kubwa huku analia. Na mwisho wa yote tenisi wenyewe wamekata tamaa, tangu 2025 ushauri umeruhusiwa rasmi. Mpira wa meza nao waliruhusu kati ya pointi tangu 2016. Wenzetu wote wanafungua mlango, sisi ndio tunataka kuufunga?

Kinyoya16
@Netikodi hapo ndipo tunapotofautiana. Kushindwa kusimamia sheria hakuifanyi kuwa mbaya. Refa wa badminton yuko mita chache kutoka kwa kocha, sio kama kule uwanja wa watu elfu ishirini. Kocha akiongea anamwona na anamsikia.

Refa_wa_Kiti
Mimi nimewahi kukaa kwenye hicho kiti, ngazi za chini lakini nimekaa. Mnamtwisha refa mzigo mzito. Refa anaangalia servu (mpigo wa kuanzisha pointi), anahesabu pointi, anaangalia nani anapoteza muda, anasikiliza waamuzi wa laini, sasa mumwongezee kazi ya kuamua kama kocha aliposhika kiwiko alikuwa anawashwa au anatoa maelekezo. Tangu 2018 urefu wa servu umewekwa mita 1.15 kutoka chini, kwa nini? Kwa sababu ile ya zamani ya kukisia mbavu ya chini ilikuwa ugomvi kila siku. Sheria nzuri ni ile inayopimika. Ya kocha haipimiki. Mkitaka, mwondoeni kabisa pale nyuma, akae jukwaani na watu wengine, pumziko likifika ashuke. Hapo refa hana cha kukisia.

SmashiYaJuu
@Mama_Raketi halafu huyo Polii wako unayemtetea, si ndiye alifukuzwa London 2012 kwa kucheza ovyo makusudi?

Mama_Raketi
Nilijua utafika huko. Ndiyo, alifukuzwa, yeye na Meiliana Jauhari, pamoja na jozi mbili za Korea na moja ya China, wanane kwa jumla. Na mtu huyo huyo miaka tisa baadaye akachukua dhahabu ya Olimpiki Tokyo na Apriyani Rahayu, mbele ya Chen na Jia wa China. Kwenye fainali hiyo hiyo nyuzi za raketi yake zilikatika katikati ya rali, yaani kinyoya kikiwa kinapigwa huku na huku, akakimbilia pembeni akanyakua nyingine akarudi kiwanjani kinyoya kikiwa bado hewani, Apriyani amebaki anafunika kiwanja kizima peke yake. Nani alimwambia akimbie? Hakuna kocha wa kukuambia hapo. Sasa niambie tena hawafikiri na wanachosha.

Netikodi
Ile clip bado ninayo. Nywele zinasimama.

Mpenda_Laini
2012 ilikuwa aibu bwana. Mpaka leo naikumbuka ile mechi ya Wachina na Wakorea, servu inaenda kwenye wavu, inayofuata kwenye wavu, rali ndefu kuliko zote mipigo minne. Mipigo minne! Watu wamelipia tiketi.

Kinyoya16
Ndugu zangu mada ni makocha.

Mpenda_Laini
Na mimi naongelea makocha mkuu. Unadhani wale mabinti waliamua wenyewe? Wote walikuwa wamefuzu, wakawa wanakwepa kukutana na fulani kwenye mtoano. Kocha mkuu wa China aliomba radhi hadharani, lakini waliofukuzwa kwenye mashindano ni wachezaji. Mimi siamini kama mchezaji wa mfumo ule anaamua jambo zito namna ile benchi likiwa halijui. Kwa hiyo ukiniuliza kama kocha apunguziwe nguvu, mimi nakujibu ndiyo, na sababu yangu ni hiyo, sio taulo.

Refa_wa_Kiti
Hapana, hapo mnaonea makocha. Kosa lilikuwa la ratiba. Waliweka makundi, halafu njia ya mtoano inajulikana kabla ya mechi ya mwisho ya kundi, ulitegemea nini? Ndiyo maana tangu Rio 2016 dabo zinapigwa droo upya baada ya makundi. Tatizo likaisha. Na hata refa mkuu siku ile alitoa kadi nyeusi, ile ya kufukuza mchezaji, kwenye mechi ya pili akairudisha, hebu fikiria presha aliyokuwa nayo.

Mama_Raketi
Tatizo liliisha kwenye karatasi. Wale mabinti wanane wamebeba jina hilo maisha yao yote, na nyinyi bado mnalitaja kila mkikosa hoja.

SmashiYaJuu
Sijakosa hoja. Hoja yangu ni mechi fupi. 2018 pointi 11 seti tano zilikosa kura chache sana kupita, wangepitisha tu tungekuwa tumemaliza haya.

Netikodi
Unachanganya kaka. 2018 ilikuwa mbali, waliokubali waliwazidi wanaokataa kidogo tu na ilihitajika theluthi mbili. Iliyokosa padogo ni ya 2021, ile iliyoletwa na Indonesia na Maldivi, ikapata asilimia 66.31. Theluthi mbili ni 66.67. Hapo ndipo palipouma.

SmashiYaJuu
Haya, 2021. Hoja iko pale pale.

BackhandiKali
Hoja haiko pale pale. Mkikata hadi 15 mnaua kurudi kutoka nyuma. Malaysia Open 2006, fainali, Lee Chong Wei yuko nyuma 13-20 seti ya tatu mbele ya Lin Dan. Mbele ya Lin Dan, narudia. Pointi saba za mechi. Akazifuta zote akashinda 23-21. Hiyo nafasi ya kupumua, kusoma mchezo na kubadilisha, inatoka wapi kwenye seti fupi? Ukianza vibaya kidogo tu pumziko linakukuta kwenye 8 na seti imeshaondoka.

Kinyoya16
Hapo nakubaliana na wewe kabisa, 21 ibaki. Ila umenisaidia bila kutaka. Mtu anayesoma mchezo mwenyewe akiwa 13-20 ndiye ninayetaka kumwona. Ukumbi una upepo wa viyoyozi, upande mmoja kinyoya kinatoka nje, upande wa pili kinafia katikati. Nataka nimwone mchezaji anaigundua hiyo kwa mkono wake ndani ya pointi tatu. Siku hizi kocha amekaa nyuma ya laini anaona kila kitu, anamwambia "pandisha, punguza", basi, ile sehemu tamu ya mchezo imefanywa na mtu aliyekaa kwenye kiti.

BackhandiKali
Na yule asiye na kocha, ambaye nilimtaja tangu mwanzo na hakuna aliyemjibu?

Kinyoya16
Ndiye anayefaidika kuliko wote. Kocha akinyamaza katikati, huyo anakuwa sawa na mwenzake kwenye kila pointi, anazidiwa kwenye mapumziko tu.

BackhandiKali
Anazidiwa kwenye mapumziko na pia miaka kumi kabla ya mechi. Kevin Cordón wa Guatemala alifika nusu fainali Tokyo, na kocha alikuwa naye, Mwindonesia. Ukitaka usawa peleka makocha kwa wasio nao. Kuwanyamazisha wenye nao hakumpi Cordón mwingine chochote.

Kinyoya16
Hayo yote mawili yanawezekana, kwani lazima tuchague? Kumpelekea mtu kocha ni hela na miaka. Kumnyamazisha kocha kati ya pointi ni mstari mmoja kwenye kitabu cha sheria, mkutano mmoja, kura.

Refa_wa_Kiti
Kura ya theluthi mbili. Na wanaopiga kura ni mashirikisho, na mashirikisho yamejaa makocha.

Mama_Raketi
Bado nasubiri @SmashiYaJuu anitajie dabo moja ya wanawake aliyoiangalia mwanzo mpaka mwisho.

SmashiYaJuu
Dada nitafute hiyo fainali ya Tokyo niiangalie yote leo usiku. Ila ya dakika 161 siiangalii, na 15 naipigia kura.