Wenye hedifoni za mamilioni hapa Chuga, mnatupiga saundi mpaka lini?

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa nimewaka kwahiyo nikirukaruka mtanivumilia, ila hili jambo limenifika hapa na leo lazima nilitapike, atakayenuna anune.

Hivi nyie wenye hedifoni za bei mbaya, nasema zile zilizofungwa nyuma, za dola elfu moja na nusu kwenda juu, mnatuchukuliaje sisi wengine? Mtu anauliza kistaarabu kabisa, mkuu hiyo mashine inasikikaje, jibu linakuja "moto wa kuotea mbali", "besi inagonga mpaka kwenye mbavu", "unamsikia muimbaji anavuta pumzi". Imeisha hiyo. Ameichomeka kwenye nini hasemi. Pedi, ile mito inayokaa masikioni, ni zile zilizotoka nazo kiwandani au za kubandika hasemi. Anavaa miwani, kasuka rasta, anasikilizia kwenye daladala au chumbani usiku, hasemi. Halafu mwezi haujaisha unaikuta hedifoni ile ile imetupiwa status, inauzwa, haina tatizo lolote, sababu ya kuuza mmiliki anasafiri. Watanzania wenye hedifoni kali wanasafiri sana aisee.

Sasa kilichonitibua. Kuna jamaa hapa mjini alikuwa anauza ya kwake, mtumba wa Ulaya, hedifoni ambayo ikiwa mpya inazidi dola elfu mbili. Modeli siitaji, kwanza kampuni haina kosa hata chembe, pili Arusha yenyewe hii tunajuana, nikitaja modeli nitakuwa nimemtaja yeye na ukoo wake. Jamaa alikuwa ameiandikia sifa muda mrefu, aya kwa aya, ooh besi imejaa lakini haimwagiki, ooh sauti imetanuka hutaamini kama ni ya kufungwa, ooh waimbaji ni asali tupu. Watu wanagonga like tu. Bei aliyonitajia ni hela ya kununua bodaboda na ukabaki na ya mafuta.

Nikamfuata dukani kwake maeneo ya Stendi Ndogo, mchana kweupe, makonda wanaita Sakina Sakina, boda wanapiga honi, duka la jirani wamefungulia spika mpaka mwisho. Akachomeka kwenye simu yake kwa kile kiwaya kifupi maana simu yenyewe haina tundu, akaweka ngoma moja ya kisasa yenye besi ya kompyuta, sauti juu kabisa, akanivalisha kichwani yeye mwenyewe huku amebana vikombe kwa viganja vyote viwili. Hebu sikia hiyo kaka! Na kweli inagonga. Nikiomba niweke ngoma yangu, simu yake inaita. Nikiomba tuingie kule ndani kwenye utulivu, ameingia mteja. Hicho kitendo cha kubana vikombe kwa viganja mkishike vizuri, nakuja nacho.

Nikalipa, nikaondoka nayo. Usiku nipo home Njiro, mtaa umetulia, nachomeka kwenye DAC yangu, kile kidude cha kugeuza faili la muziki kuwa sauti, na amplifaya ya mezani. Naweka dansi la zamani, zile rekodi za redio za miaka ya sabini ambazo gitaa la besi ndio linautembeza wimbo mzima. Besi haipo. Sijasema ni ndogo, nimesema haipo, unasikia vidole vinagusa nyuzi basi, kile kishindo cha chini kimekatwa. Naweka kwaya, yule muimbishaji ambaye kwenye spika zangu anasimama katikati kabisa, humu kaegemea kushoto, na soprano zinachoma masikio mpaka nikapunguza sauti. Nikadhani faili. Nikabadilisha nyimbo, yale yale. Nikajikuta nimekibana kikombe cha kulia kwa kiganja, wakuu, besi ikarudi hapo hapo na muimbishaji akahamia katikati. Naachia, anaondoka. Nabana, anarudi.

Nikavua pedi. Ngozi yenyewe sio ngozi, ni plastiki inayong'aa, ngumu, mshono wa ndani upande wa kulia umeachia kama upana wa kucha na sponji inachungulia, na ile pete ya nyuma inayoshikilia pedi imepakwa supa gluu kwasababu vipini vyake haviingii kwenye matundu ya kikombe. Yaani pedi za bei ya sahani ya nyama choma zimepachikwa kwenye mashine ya dola elfu mbili, na mtu mzima na ndevu zake anakaa anaiandikia insha ya sifa.

Nikampigia. Kwanza akasema bado haijafunguka, iache ipige masaa mia mfululizo italainika. Kaka, huu ni mtumba, umetumika huko Ulaya na wewe umetumia, inafunguka mara ngapi? Akahamia kwenye amplifaya yangu, eti haina nguvu. Si ulinipigia na simu wewe! Akamalizia na lile neno lao la siku zote, kwamba masikio yangu yamezoea vitu vya bei rahisi ndio maana sielewi. Na risiti ya kwake ina mstari chini, mali ikishauzwa hairudishwi.

Basi nikaamua kumaliza ubishi. Kuna mangi mmoja yupo Moshi, Soweto, anayo modeli hiyo hiyo, aliinunua mpya, pedi ni zile za kiwandani. Nikapanda Coaster, kilomita kama 80 kwa ajili ya kuangalia pedi, nyumbani wakaniona nimechanganyikiwa. Tukabadilishana. Zake kwenye yangu, hedifoni ikafufuka, besi ipo, muimbishaji katikati, soprano zimetulia. Zangu kwenye yake, ikafa vile vile kama yangu. Kwahiyo draiva, ile spika ndogo ya ndani, nzima, kikombe kizima, waya mzima, nimeuziwa kitu kizuri kilichochinjwa.

Na huyu mangi, nyie wengine nendeni mkajifunze kwake namna ya kuongelea kitu chako. Hakuniambia moto. Aliniambia mchana wa Februari pale Moshi haivaliki hata lisaa, pedi zinaloa jasho na masikio yanaiva, kwahiyo yeye ni usiku au alfajiri tu. Aliniambia uzito unaanza kumuuma utosini albamu ikifika nusu. Waimbaji wa kiume wako nyuma kidogo, wa kike wapo mbele. Taarab yenye violini nyingi, kama rekodi ni mbaya, zinamwasha mpaka anavua, lakini ganuni anaisikia kila uzi na hajawahi kuisikia hivyo kwenye kitu kingine. Akasema mama watoto akiwa kasuka nywele nene hasikii besi anayoisikia yeye, hedifoni ile ile, wimbo ule ule, sauti haijaguswa. Akivaa miwani yake ya kusomea naye inampungukia. Hayo ndio maoni sasa! Nimejua itanifaa wapi na itanishinda wapi, na mtu hata hauzi.

Maana kuna watu watasema nalia na pedi kama mtoto. Hedifoni iliyofungwa bila pedi ya kueleweka ni debe. Ile besi ya chini kabisa inataka kale kachumba kati ya draiva na sikio kawe kameziba, hewa ikipata pa kutorokea presha haijengeki, besi inakufa na zile sauti za juu zinabaki zinapiga kelele peke yake. Mkono wa miwani unatosha. Rasta zinatosha. Kilemba, ndevu nyingi, vyote hivyo. Ndio maana jamaa alikuwa ananibania kwa viganja pale dukani, alikuwa anaziba tundu analolijua! Hapo ndio moto ulinishika, sio kwamba alikuwa hajui.

Halafu fikiria akili iliyotumika huko viwandani. Draiva ikisukuma mbele inasukuma na nyuma, sasa kwenye hedifoni ya wazi sauti ya nyuma inajiendea zake, kwenye iliyofungwa inagonga ukuta wa kikombe inarudi kukuharibia ya mbele. Kazi yote na hela yote imelalia hapo. Sennheiser kwenye HD 820 ya mwaka 2018 wakaweka kioo kilichobonyea nyuma ya draiva ili mawimbi yarushwe pembeni yakamezwe huko. Sony kwenye MDR-Z1R, ya 2016 ile yenye draiva ya milimita 70, wakaja na kichujio cha nyuzi za mbao kwenye kikombe. Denon D9200 vikombe vyake ni mianzi ya Japani. Dan Clark Audio kwenye Stealth ya 2021 wakaweka metamateriali, kidude chenye vijitundu vya vipimo tofauti tofauti mbele ya draiva, kinameza mawimbi korofi kabla hayajafika sikioni. Watu wamekesha kwenye maabara, wewe unakuja kumaliza yote na supa gluu.

Na hilo la "nimechomeka kwenye simu inagonga freshi" nalo tuliongee maana ndio mnapotuulia watu. Hedifoni hazifanani. Focal Stellia ya 2019, ambayo ilitoka na bei ya dola 2,999, ina omu 35, yaani ukinzani wake wa umeme, na inatoa desibeli 106 kwa miliwati moja, kwahiyo ndio, simu inaiendesha vizuri tu. Stealth ni omu 23, ukiangalia hiyo omu peke yake utasema rahisi, kumbe kwa miliwati hiyo hiyo inatoa kama desibeli 86 hivi. Desibeli 20 ni nguvu mara 100, mkuu, sio mara mbili. HD 820 nayo ni omu 300, inataka volti. Sasa mtu ana Stealth iliyotoka na bei ya dola karibu elfu nne kaichomeka kwenye kiwaya cha simu anatuandikia "imelala, haina uhai", na mwenzake ana Stellia kwenye simu ile ile anaandika "imeiua Stealth mchana kweupe", na nyie huku mnashangilia. Hapo hamjalinganisha hedifoni, mmelinganisha nani ana sauti kubwa zaidi, na kinachopiga kwa sauti zaidi hata kidogo tu sikio linakiona kizuri, ndio maana muuzaji yeyote mjanja anaanza kwa kupandisha volyumu.

Mwingine ukimbana anakimbilia bei. Hiyo ni ya milioni saba, haiwezi kuwa mbaya. Mtafiti wa sauti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo mwaka 2017, hedifoni 283 za aina zote, hakuona uhusiano kati ya bei ya dukani na mwitikio wa masafa, yaani inavyogawa besi, sauti za kati na za juu. Hapo sijasema za bei mbaya zote ni takataka, ninayo moja na nilipoiwekea pedi za mangi nilikaa nayo nikasahau chai. Ninachosema hela uliyolipa haisikiki, kinachosikika ni kinachofika sikioni, sasa tuambie hicho.

Msiseme nadai makuu. Sitaki grafu, sitaki maneno magumu. Niambie umeichomeka wapi, pedi zina muda gani na ni zipi, kichwani una nini, na unapiga muziki gani, maana mtu anayesikiliza singeli tupu na anayesikiliza ganuni hawawezi kuongelea kitu kimoja. Na kama unauza, andika UNAUZA juu kabisa kabla hujaanza kusifia. Kuna vijana wanadunduliza mwaka mzima kwa hizo aya zenu, na hapa Arusha hakuna sehemu ya kwenda kujaribu vitu kwa utulivu, tunategemea midomo ya watu, kwahiyo mdomo wako ukiwa wa biashara umemuibia mtu kabisa.

Mods msiufute huu uzi, sijataja jina la mtu.

Ila wewe mwenyewe najua unasoma, na nikwambie kitu ambacho ulidhani hakitajulikana. Tukiwa Soweto mangi akaniuliza, hivi huyo jamaa si ndiye aliyekuwa anauza pedi tupu? Akafungua simu akanionyesha tangazo lako, pedi orijino za modeli hii hii, jozi moja, hazijachoka, kwa bei ambayo ungeweza kununua hedifoni nyingine nzima ya kawaida. Tarehe yake ni kabla hujaniuzia mimi. Mkono ulioshika pedi pale kwenye picha una pete ile ile niliyoiona wakati unanibana masikio. Nimeipiga picha hiyo skrini, ninayo, na mangi anayo. Hizi za supa gluu nimezifunga kwenye mfuko wa karanga, Jumamosi saa sita mchana nipo hapo dukani wakati una wateja wengi. Uwe na pedi za kiwandani au uwe na hela yangu.