Fundi kaipiga msasa ampu yangu ya zamani, majina ya wenyewe wote yamefutika

Wadau, tokea Ijumaa roho inanichoma, leo naitoa hapa.

Nilipeleka ampu ya gitaa, yaani kile chombo cha kukuza sauti yake, kwa fundi mmoja hapa mjini Unguja, sitamtaja. Nilimtaka mambo mawili tu: abadilishe kapasita kubwa, vile vifaa vinavyoweka umeme ndani yake, maana zikizeeka zinakauka ndani na zinaweza kuunguza transfoma, na atie waya mpya wa ukutani wenye athi. Nikamwambia kwa mdomo, nikaandika na karatasi nikaibandika juu ya kasha: USIGUSE KITU CHENGINE.

Ijumaa baada ya sala naifuata, naikuta inang'aa kama kabati la bibi harusi. "Sheikh, nimekupigia na rangi, hiyo sikutozi," ananambia huku anacheka.

Ampu hii ni Vox AC30, ya Uingereza. Niliinunua kwa bi mkubwa mmoja wa Kikwajuni, mjane wa mpiga gitaa. Miaka yote ilikuwa chini ya kitanda, imefunikwa kanga. "Mwanangu," alinambia, "hiki marehemu kaja nacho usiku kwa gari la ng'ombe, bendi yao ilipovunjika. Hakukinunua dukani. Kakipokea kwa mwenziwe, na huyo mwenziwe naye kakipokea kwa mtu." Mtu gani, bi mkubwa hajui. Shahidi aliyebaki alikuwa ampu yenyewe.

Ukiufungua ubao wa nyuma, upande wa ndani palikuwa na majina matatu, kila moja kwa mkono wake. La kwanza kwa penseli, hati nzuri ya mtu aliyefunzwa skuli za zamani. La pili kwa wino wa buluu, limepigwa mstari juu yake. La tatu, la marehemu, limechongwa kwa ncha ya msumari. Chini yake palikuwa na kipande cha plasta kilichokauka, kimeandikwa "R. Leo, Alkhamis". Hiyo naisoma Raha Leo, kwenye redio.

Ubao wote umepigwa msasa ukapakwa rangi nyeusi, ndani na nje! Majina yale sasa ni vumbi kwenye sakafu ya karakana. Nnayo picha moja tu ya simu, tena ya kiza, na inayosomeka ni nusu ya jina la penseli. Nilikusudia kuupiga picha vizuri ampu ikirudi.

Kibao cha bati cha nyuma, chenye namba na jina la watengenezaji wa Vox, Jennings Musical Industries, Dartford, Kent? "Kilikuwa na kutu, nikakitupa." Valvu zangu, zile taa za kioo zinazokuza sauti? "Zilikuwa nyeusi kwa juu." Nyeusi kwa juu! Ule weusi wenye kung'aa ndani ya kioo valvu inatoka nao kiwandani. Ikiingia hewa ndipo unageuka mweupe kama maziwa, hapo ndio unaitupa. Mtu anayeshika vyombo vya valvu halijui hili?

Valvu moja nilishainakili, herufi za kijivu, hafifu, mpaka uielekeze kwenye mwanga: B3D2. B ni kiwanda cha Mullard cha Blackburn, 3 ni mwaka, D ni mwezi wa nne, 2 ni wiki ya pili. Hiyo 3 inaweza kuwa 1963 na inaweza kuwa 1973, na valvu hubadilishwa kama balbu, kwa hivyo peke yake haitoshi. Unaioanisha na kibao, na kampuni ile ya Jennings haikufika 1973. Kisha unatizama spika, Celestion za buluu, tarehe yake imegongwa kwenye fremu. Zikikubaliana zote, ampu imetengenezwa 1963, mwaka uleule Zanzibar tuliopata uhuru mwezi wa Disemba, na Mapinduzi yakafuata Januari 12, 1964. Nani aliagiza ampu kutoka Uingereza wakati kama ule, na ilimfikia nani baada ya hapo? Hilo ndilo ninalolitafuta tokea mwanzo, na majibu yalikuwa kwenye ubao na bati.

Spika nazo hazimo. Kanitilia mpya mbili, zile za inchi 12 kampa kijana anayekodisha mziki wa maharusi. Nimemfuata kijana mpaka Mwanakwerekwe, kashaziuza. Nilipompandishia fundi sauti akanijibu, "Kwani hailii?" Inalia. Ilikuwa inalia hata siku niliyoipeleka.

Nyinyi mafundi mlio humu, mteja akikuandikia usiguse, usiguse. Uchafu mnaousafisha ndio tulionao sisi tunaotafuta watu waliotutangulia.

Aliyenunua spika mbili za buluu Mwanakwerekwe wiki hizi, sikudai. Nipigie picha ukingo wa fremu, penye herufi na namba, basi. Ukitaka kuziuza, nanunua. Na mzee yeyote aliyekuwa akipiga Raha Leo siku za Alkhamis, akakumbuka ampu ambayo kitambaa chake cha mbele kimeshonwa uzi mwekundu kona ya chini kushoto, aniandikie. Jina la penseli linaanza na "Sa". Silimalizii hapa mpaka nizungumze na watu wake. Kibao fundi anasema kakitupa jaa la nyuma ya karakana, kesho alfajiri nipo pale kabla gari la taka halijapita.