Ugonjwa wa Crohn umeingia nyumbani kwetu: je, hurithiwa?

Umm Zuhura, Kibokoni:
Assalam alaykum ndugu zangu. Kaka yangu wa miaka 27 amesumbuliwa na tumbo kwa miaka miwili. Alitibiwa amiba mara nne, kisha taifodi, na Ramadhani iliyopita alikuwa akiswali tarawehe safu ya mwisho, ubavuni mwa mlango, ili awahi chooni. Mwezi uliopita alipimwa kwa kamera, kinyama kikachukuliwa utumboni, na daktari akasema ni ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe na vidonda vya muda mrefu katika njia ya chakula. Shangazi yetu, dada wa baba, aliyekuwa akiishi Muscat, alikatwa kipande cha utumbo kwa maradhi haya haya. Bibi anasema hili ni chango la ukoo. Je, ni kweli hurithiwa, na mimi na wanangu wawili tupimwe jeni? Jambo jingine naliuliza kwa haya: kaka anataka kumposa binti wa ami yetu, na wazee wameanza kunong'ona.

Fundi wa Maabara, Tudor:
Wa alaykum salaam dada. Bibi hakukosea sana, ila kinachorithiwa ni wepesi wa kuupata ugonjwa, si ugonjwa wenyewe. Watazame pacha wanaofanana kabisa, ambao jeni zao ni zilezile: mmoja akiugua Crohn, mara nyingi mwenzake hubaki mzima, kwani jozi ambazo wote wawili huugua hazizidi nusu. Kwa kolaitisi ya vidonda, ambayo ni jamaa yake Crohn inayoshika utumbo mpana, jozi hizo ni chache zaidi.

Jeni ya kwanza kujulikana wazi ni NOD2, iliyo katika kromosomu ya 16, ambayo makundi mawili ya watafiti yaliitangaza mwaka 2001. Kazi yake ni kutambua kipande cha ukuta wa bakteria ndani ya seli za utumbo na kuiamsha kinga ya mwili mapema. Ikiwa na hitilafu, huwa kama bawabu anayesinzia: wageni hupenya kimyakimya, kisha nyumba nzima huamka usiku wa manane kwa mayowe yaliyopita kiasi, na mayowe hayo ndiyo uvimbe unaomla kaka yako. Baadaye ziligunduliwa nyingine, ikiwemo IL23R mwaka 2006, ambayo badiliko lake moja, tofauti na mengi, humkinga mtu badala ya kumdhuru. Kufikia 2012 sehemu za jeni zinazohusishwa na maradhi haya zilikuwa 163, na zimeendelea kuongezeka tangu hapo, lakini nyingi kati yake huongeza hatari kwa kiasi kidogo mno.

Ndiyo maana sikushauri mpimwe. Wengi wenye hitilafu ya NOD2, hata waliorithi nakala mbovu kwa baba na kwa mama, hawaugui maishani mwao. Tena hitilafu zile mashuhuri zilipatikana kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kwa Wajapani karibu hazipo, na kwa Waafrika ni adimu. Jibu safi kwa mtu wa Kibokoni halingemhakikishia lolote, na pesa zingekuwa zimekwenda.

Mgonjwa Mwenzenu, Likoni:
Naafikiana na aliyetangulia, ila kuna mahali ambapo jeni zilinigusa mimi mwenyewe. Nina kolaitisi ya vidonda tangu 2016. Hospitali moja ilinianzishia azathioprini, dawa ya kushusha kinga ya mwili, bila kupima damu yangu hata mara moja katika wiki za mwanzo, na seli nyeupe zikashuka hadi nikalazwa kwa homa. Baadaye nikaelezwa kwamba jeni za TPMT na NUDT15 ndizo huamua jinsi mwili unavyoivunja dawa hii, na kwamba hitilafu ya NUDT15 hupatikana zaidi kwa watu wa Asia. Mama yangu ni mtu wa asili ya Gujarat, na hakuna aliyeniuliza. Kaka yako akiandikiwa dawa hiyo, aulize juu ya kipimo hicho, na kama hakipatikani, damu yake ihesabiwe mara kwa mara tangu mwanzo.

Daktari wa Matumbo, Nyali:
Umm Zuhura, kuhusu posa. Ipo aina ya nadra ambayo jeni moja tu huusababisha ugonjwa, kama vile hitilafu ya kipokezi cha IL-10 (protini inayotuliza uvimbe) iliyoelezwa mwaka 2009, na hiyo ndoa za binamu huiongezea nafasi kwa kuwa mtoto hulazimika kurithi nakala mbovu pande zote mbili. Lakini aina hiyo huanza utotoni, mara nyingi katika miezi ya kwanza, kwa kuhara damu na vidonda vibaya sehemu ya haja kubwa. Kaka yako ameanza akiwa na miaka 25, simweki humo. Kwa Crohn ya kawaida, mzazi mmoja akiwa nayo, makadirio ni kama watoto 5 kati ya 100. Kwa kuwa shangazi aliyeugua ni wa pande zote mbili, hatari yaweza kupanda kidogo, lakini sioni sababu ya kuivunja posa. Kwa watu wa pwani, kipimo cha selimundu kabla ya nikaha kina maana kubwa zaidi.

Wanao wasipimwe chochote wakiwa wazima. Akitokea wa kuhara kwa wiki kadhaa, kupungua uzito au kudumaa, apimwe kwanza kalprotektini ya kinyesi, protini inayoonyesha kama utumbo una uvimbe. Naye kaka, kabla ya dawa kali za kushusha kinga, ahakikishiwe kuwa hana kifua kikuu cha utumbo, ambacho hata kwa kamera hufanana sana na Crohn. Na kama anavuta sigara, aache leo, kwa maana huzidisha Crohn waziwazi.

Umm Zuhura, Kibokoni:
Allah awalipe kheri. Nimemsomea yote. Sigara amesema ataacha, kisha akauliza kama na shisha imo.

Daktari wa Matumbo, Nyali:
Imo. Ile nayo ni tumbaku, mbali na kwamba ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2017.