Nimemaliza Circe, nisome nini sasa?

BiKurasa: Wakuu, habari za jioni. Juzi nimemaliza Circe ya Madeline Miller, na tangu hapo kila kitabu nikishika naona hakina chumvi. Kilichonikamata ni yule mchawi kufukuziwa kisiwani, akaanza kujifunza dawa za majani, anakosea, anarudia. Nikakimbilia The Song of Achilles ya mwandishi yuleyule, kumbe msimulizi ni Patroclus, mwanaume, rafiki wa yule shujaa wa vita Achilles. Nimelia, sikatai, ila mimi namtaka mwanamke asimulie mwenyewe. Mwezi huu hela inatosha kitabu kimoja tu.

Mzee_wa_Rafu: Chukua The Penelopiad ya Margaret Atwood, ya 2005. Penelope, mke wa Odysseus, yule mfalme aliyepotea miaka mingi baada ya vita vya Troy, anasimulia akiwa kuzimu, keshakufa, hana wa kumwogopa. Lakini wenye kitabu hasa ni wale wajakazi 12 walionyongwa Odysseus aliporudi nyumbani. Homer, mshairi wa kale wa Ugiriki, anawamaliza kwa mistari michache katika utenzi wake Odyssey, anawafananisha na ndege walionaswa mtegoni, basi. Humu wanamkatiza bibi yao kila mara kwa nyimbo, na mpaka kesi wanafungua. Halafu ni chembamba, siku mbili umekimaliza.

Nuru_T: Mimi nasema The Silence of the Girls ya Pat Barker. Briseis, mke wa mfalme, anagawiwa kwa Achilles kama zawadi ya vita. Katika Iliad nzima, utenzi wa Homer wa vita vya Troy, anasema mara moja tu, akimlilia Patroclus. Ila ujue sura kadhaa humo ni za Achilles, na kuna ubakaji, hakuna kufichaficha.

Kijana_wa_Pwani: Barker alinishinda. Wale askari wanaongea kama Waingereza wa baa! Bora A Thousand Ships ya Natalie Haynes, hasa barua za Penelope kwa mumewe. Anavyomsema kwa mafumbo, mpaka unamhurumia Odysseus.

BiKurasa: Kijana, hiyo si ina wasimulizi wengi? Mimi huwa napotea. Mzee, na hao wajakazi, lazima nianze na Homer?

Mzee_wa_Rafu: Si lazima, dada. Ukipata nafasi soma kitabu cha 22, yaani sehemu ya 22, cha Odyssey, tafsiri ya Emily Wilson ya 2017. Hapo ndipo wananyongwa. Anayewafunga kamba ni Telemachus, mtoto wa Penelope; kwa Atwood ndiye waliyecheza naye utotoni.

BiKurasa: Mtoto waliyecheza naye?! Basi nimeshaamua. Kesho naenda kukitafuta hicho cha Atwood.